Taa Zilizomfuata Mama Ntumba

Ninyi mnaopiga picha kwa simu hamjui kungoja. Mnabonyeza, mnatazama, shavu halikuwapendeza, mnafuta, mnabonyeza tena. Mteja wetu sisi alipigwa picha Jumapili akaja kuiona mwisho wa juma, na siku zote za katikati aliishi na wasiwasi wake. Je, nilifumba macho? Kola ilikaa sawa? Jibu nilikuwa nalo mimi, ndani ya chumba cha giza, mikono ikinuka siki ya dawa. Harufu hiyo haikunitoka mpaka nilipostaafu. Mke wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema hahitaji taa kujua kama nimerudi nyumbani.

Sasa mmeniletea picha ya harusi ya binamu yenu, yenye vimulimuli vyeupe juu ya kichwa cha bibi harusi, mnaniuliza mimi babu yenu: "Kambo, hii ni roho?" Tena naona baadhi yenu mmeshaanza kumtazama binti wa watu kwa jicho la pembeni. Jambo hilo limenikasirisha, na ndiyo maana naandika badala ya kujibu kwa mdomo, kwa sababu kwa mdomo mnanikatiza. Someni hii mpaka mwisho.

Nilifanya kazi hapa Kolwezi katika studio ya Mgiriki mmoja, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Yeye alikaa mbele na wateja. Nyuma tulikuwa wawili, mimi na Tata Kapend, tata kwetu ni baba, mtu wa Kapanga, kutoka kijiji cha karibu na Musumba. Kila ninachokijua kuhusu picha alinifundisha yeye, na karibu kila alichonifundisha alinifundisha kwa kufoka. Alikuwa mfupi, mwenye mikono midogo safi, na hakukiamini kipimajoto hata siku moja. Dawa ya kutokeza picha aliipima kwa kiwiko, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Kolwezi inapouma kweli, dawa ile huwa nzito na picha inakataa kutoka. Tata Kapend alisema, "Dawa inalala, uiamushe," nami nikaweka sinia juu ya beseni la maji moto. Kisha ilikuwapo ile shida ya vumbi jekundu kutoka mgodini. Ukianika filamu mbichi karibu na dirisha, vumbi linakaa usoni mwa mteja, na ukijaribu kulikwangua linatoka pamoja na pua. Kwa hiyo kabla ya kuanika tulinyunyizia sakafu maji, tukafunga mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kutembea kwa haraka. Mpaka leo siwezi kumwona mtu anafagia pakavu nikanyamaza.

Kwenye studio palikuwa na koti moja jeusi la wateja wote. Lilipasuliwa mgongoni makusudi. Mwembamba tulilibana nyuma kwa vibanio vya nguo, mnene tuliliacha wazi, na picha haikujua tofauti. Nusu ya wanaume wa kambi za wafanyakazi waliwatumia mama zao koti hilo hilo, Kasai, Dilolo, Kapanga, kila mahali. Bwana mmoja alitaka na saa ya mkono. Tata Kapend akamchorea kwa penseli ya ncha nyembamba juu ya filamu, saa nzuri ya mviringo, ila akasahau mishale. Yule bwana aliitazama picha muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Tata, kwetu batauliza ni saa ngapi. Nitajibu nini?"

Nawaambia haya ili mjue kwamba picha wakati ule haikuwa mchezo. Ilikuwa ndiyo mtu mwenyewe aliyepanda treni kwenda kwao, akawekwa ukutani, akatazamwa na watu ambao hawatamwona kwa miaka. Ikienda na doa, doa ni lako.

Basi, kuelekea mwisho wa wakati ule kamera zilianza kuingia hata kambini kwetu. Zilikuwa visanduku vyeusi vyenye kijicho mbele, unakishika wima tumboni, unainama, unavuta pumzi, unabonyeza. Wenye visanduku hivyo walituletea filamu zao tuwasafishie, na ndani mlikuwa na mambo. Vichwa vilivyokatwa. Vidole vya mpiga picha vikubwa kuliko nyumba. Mmoja alipiga filamu nzima bila kutoa kifuniko, akatulaumu sisi.

Kabeya alikuwa mmoja wao, lakini mwangalifu. Alikuwa kijana wa Kikasai, fundi wa mashine mgodini, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Alimwoa Ntumba hapa hapa Kolwezi. Ntumba naye ni wa ukoo wa Kasai lakini alizaliwa kambini, na mama mkwe wake kule kijijini alikuwa hajamwona bado. Ndiyo maana Kabeya alinunua kamera. Alitaka mama yake amwone mkwe wake, si ndani ya koti letu lililopasuliwa, bali nyumbani kwake, mbele ya mlango wake, na masufuria yake yanang'aa nyuma. Jirani yao ndiye aliyebonyeza. Kabeya na Ntumba walisimama kila mara kama walivyosimama kanisani siku ya ndoa, mume huku, mke mkono wake wa kushoto. Hawakubadilisha hata mara moja. Watu wa misheni walikuwa hivyo, wakishaonyeshwa pa kusimama wamesimama.

Nilisafisha filamu ile mwenyewe. Hapa lazima niwaeleze kitu. Kwenye filamu kila kitu kimegeuka: kilichokuwa cheupe ni cheusi, na sisi weusi tumekuwa wazungu. Tata Kapend alipenda kuinyanyua filamu ya kapita fulani mkali, msimamizi wa wafanyakazi, na kusema, "Angalia, leo huyu anaruhusiwa kuingia mu restora ya bazungu." Basi nuru kwenye filamu ni doa jeusi. Na kwenye filamu ya Kabeya niliona madoa meusi, ya mviringo, yenye ukingo laini, na yote yalikaa upande mmoja.

Nilipozitoa kwenye karatasi, taa zikaonekana. Picha ya kwanza taa ilielea kando ya kichwa cha Ntumba, kali, kama taa ya baiskeli ndani ya ukungu. Ya pili ilikuwa begani mwake. Ya tatu tumboni. Picha za mwisho zilikuwa na taa mbili mbili, hafifu zaidi, bado upande wake. Kwa Kabeya hapakuwa na hata moja. Na Ntumba alikuwa anatabasamu katika zote, hajui kitu, mikono imekunjwa vizuri juu ya kitenge kipya. Nilimhurumia kabla sijajua kwa nini.

Nilimwambia Kabeya asimwonyeshe mtu mpaka tuchunguze. Aliitikia vizuri sana, na siku hiyo hiyo akamwonyesha kaka yake.

Kaka yake aliitwa Mulumba, mtu wa makamo, kapita wa kikosi mgodini, mwenye kofia ngumu ya kahawia asiyoivua ila kanisani. Ndiye aliyemleta Kabeya kutoka Kasai na kumtafutia kazi. Alikuja studio na picha zile ndani ya bahasha, akazipanga juu ya meza yetu moja moja, kwa kidole, kama mtu anayeogopa kuungua.

"Tata, uniambie kweli," alisema. "Hii taa ni ya dawa yenu?"

"Hapana, tata. Dawa yetu ikikosea, inakosea pote," nilimjibu.

"Basi ni ya nani? Angalia. Hapa kichwa, hapa bega, hapa ku tumbo. Inashuka. Bamefunga ndoa mbele mvua ya ule mwaka mwingine ianze, na mutoto haiko. Mimba mbili zimetoka. Mi siko mutu ya kusema buloji, maneno ya uchawi, mi ni mukristo. Lakini mi niko na macho."

Tata Kapend alitoka nyuma akipangusa mikono. "Macho yako ni mazuri, tata," alisema. "Lakini picha haina haraka. Utupatie siku."

"Treni ya Kasai iko ku mwisho wa mwezi," alisema Mulumba. "Huyu mwanamuke atarudia kwa baba yake, ama mi na mudogo yangu tutakwenda kuuliza wakubwa kule kwetu. Ku mama hatutatuma hii bitu." Akazikusanya picha, akatoka. Hakuwa amefoka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayefoka unaweza kungoja apoe.

Tukaanza kazi. Kwanza kamera. Tuliingia nayo kwenye chumba cha giza, tukaweka kurunzi ndani yake, tukafunga, tukazungukazunguka tukitafuta tundu linalovujisha mwanga. Hapakuwa na tundu. Kisha maji na dawa. Filamu za wateja wengine za sinia lile lile zilikuwa safi. Kisha Tata Kapend akaichukua filamu ya Kabeya, akaitandaza yote kwenye kioo, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kelele, kwa hiyo alipokaa kimya nilisogea kutazama anachokitazama.

Madoa yalikuwa yanajirudia. Mwanzo wa filamu yameachana, kuelekea mwisho yanakaribiana, tena yanafifia. Mkitaka kuelewa, chukueni karatasi ndefu, muiviringishe kwenye penseli, kisha mguse roli ubavuni kwa kidole chenye mafuta mengi. Mafuta yakipenya ndani, mkiifungua mtakuta doa, nafasi, doa, nafasi, na nafasi zinapungua jinsi mnavyokaribia penseli, kwa sababu huko ndani mzunguko ni mdogo. Taa zile hazikuingia kupitia kijicho cha kamera. Ziliingia filamu ikiwa bado imeviringishwa, haijaona mtu yeyote. Na zilikuwa upande mmoja kwa sababu roli liliguswa karibu na ncha moja. Ncha hiyo, kamera ikishikwa wima, ndiyo upande wa kushoto wa mume. Ntumba alisimama tu pale alipofundishwa kusimama.

"Kitu kililala na hii filamu," alisema Tata Kapend. "Kitu cha kuchoma bila moto." Akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Wakati fulani mgeni wa Mgiriki alituachia stoo sanduku la mawe mazuri ya mgodini, na katoni ya filamu iliyokuwa chini yake ikaharibika yote. Mgiriki aliwalaumu watu wa kiwanda kule Ulaya mpaka akachoka.

Nilimwita Kabeya. Nilimwuliza filamu yake ilikaa wapi kabla ya kuingia kwenye kamera. Kwenye bati la biskuti, alisema, pamoja na kamera. Na nini kingine? Akatazama kiatu chake. "Makaratasi tu, tata. Ya ubatizo." Nikamwuliza tena. "Makaratasi tu."

Kesho yake Ntumba alikuja peke yake, kupitia mlango wa nyuma, kikapu cha mboga kichwani ili aonekane anatoka sokoni. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Tata Ngoy, bwana yangu hakukwambia yote," aliniambia. "Mu bati muko jiwe. Jiwe ya kijani, na manjano ndani yake, inapendeza. Alinipa wakati alikuwa ananichumbia. Alilitosha ku mugodi mu kiatu."

Hapo nikaelewa kiatu. Kutoa jiwe mgodini ilikuwa kosa kubwa. Walinzi walikagua watu getini, na aliyekamatwa alipoteza kazi, na aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba ya kambi. Na Mulumba ni kapita. Kapita akijua na kunyamaza, naye hana kazi.

"Kwa nini hakusema?" nilimwuliza.

"Mi njo nilimukataza. Akisema jiwe, bote babili banafukuzwa, yee na yaya yake Mulumba. Akinyamaza, minafukuzwa mi peke." Alisema hivyo kama mtu anayepanga chakula kitoshe. Tata Kapend alijifanya anatafuta kitu kabatini, lakini nilimwona anapangusa macho.

Kwa hiyo mnaona tulipokwama. Ukweli tulikuwa nao, na ukweli wenyewe haukuweza kutajwa. Ntumba ndiye aliyetukwamua. Aliuliza kama filamu nyingine iliyonunuliwa pamoja na ile ya kwanza, ambayo bado imo ndani ya bati, nayo imeungua. Nilimwambia huenda ndiyo, huenda hapana, inategemea ililalaje. Akafikiri.

"Basi bapige ile. Na kila mutu asimame pale pangu."

Nilimweleza hatari yake wazi. Ikiwa roli lile lilikaa mbali na jiwe, hakutatoka taa yoyote, na Mulumba atasema roho imejificha kwa kuwa imesikia inatafutwa. Hakutakuwa na filamu ya tatu. Ntumba akajitwisha kikapu chake. "Sawa, tata. Hata sasa hakuna kitu kingine."

Jumapili baada ya misa tulikwenda kambini, mimi na Tata Kapend, na tai zetu. Tulimwambia Mulumba kwamba tunataka kuona kama taa zinamfuata mtu au zinafuata upande. Aliona ni maneno ya haki, akakubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atakuwapo filamu itakaposafishwa ili tusiongeze dawa yetu. Kabeya alisimama katikati. Ntumba alisimama mkono wake wa kulia, mahali pasipo pake, hajui afanye nini na mikono. Upande wa kushoto wakaingia watu kwa zamu, mimi nikibonyeza. Jirani. Mke wa jirani, akicheka. Tata Kapend, aliyesimama kama askari. Ikafika zamu ya kutafuta mwingine, na watu wakawa wanatazamana, kwa sababu mzaha ulikuwa umewaishia na sasa waliogopa.

"Yaya," alisema Ntumba, akimwita Mulumba kaka mkubwa, na sauti yake ndogo ilisikika uani kote. "Simama pale pangu."

Mulumba alimtazama. Nilidhani atakataa. Kisha akaivuta kofia yake vizuri, akaenda akasimama.

Filamu tuliisafisha siku ile ile mchana, Mgiriki akiwa amelala. Mulumba aliingia nasi kwenye chumba cha giza, na Ntumba akaomba aingie pia. Nilizima taa. Giza la chumba kile si giza la usiku. Ndani yake hata mkono wako hauujui. Kazi yenyewe unaifanya kwa vidole. Unaishika filamu ncha mbili, unaipitisha ndani ya sinia, mkono huu ukipanda mwingine unashuka, bila kusimama, na unahesabu kimoyomoyo. Maji yalikuwa yanalia taratibu.

Halafu Mulumba akaanza kusema, polepole, na sijui alikuwa anamwambia nani.

"Mbele ya kuleta Kabeya nilileta mudogo yangu mwingine. Ule wa katikati. Alikufa hapa hapa, homa ilimukamata wiki moja. Wakati nilirudia kwetu kumubeba na huyu, mama hakulia. Alisema tu, huyu akikufa kule, usirudie tena kuniona. Mi nikaona ile taa ku tumbo ya bibi yake, nikasema, njo hii. Inaanza kwa bibi, itamalizia kwa mudogo yangu."

Mikono yangu iliendelea kupanda na kushuka. Nilikuwa nimemchukia mtu huyo kwa juma zima, na chuki hiyo ikanitoka pale gizani bila mimi kuiaga. Kutoka upande wa pili nilisikia sauti ya Ntumba. "Yaya, mi sikujua ya ule wa katikati. Hapana mutu aliniambia."

"Hatumutajake jina," alisema Mulumba.

Tata Kapend alikohoa. "Tayari. Uitie mu maji."

Niliipitisha majini na kwenye dawa ya kukaza picha, kisha nikawasha taa, na wote watatu waliangalia chini kwanza, kama watu waliokutwa. Niliinyanyua filamu mbele ya balbu, maji yakidondoka. Picha ya jirani: doa jeusi, kubwa, kwenye goti lake. Mke wa jirani: doa kwenye mkono. Tata Kapend: doa kifuani, naye akasema, "Ah, bamenipa medali." Ntumba, upande wa kulia katika zote, alikuwa safi. Nilimwonyesha tu kwa kidole, picha baada ya picha, safi, safi, safi. Aliziba mdomo kwa kitenge akalia.

Tukafika picha ya Mulumba. Doa lilikaa juu ya kofia yake kabisa, limeizunguka kofia nzima.

Alisogeza uso wake karibu na filamu mpaka nikaogopa ataigusa. "Huyu muzungu ni mi?"

"Ni wewe, tata."

"Na hii nyeusi ku kofia, mu karatasi itakuwa taa?"

"Taa kubwa, tata."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Alipomaliza alivua ile kofia, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona nje ya kanisa, akamgeukia Ntumba. Hakusema nisamehe. Alisema, "Mwana yangu, utasimama tena pale pako." Na kwa watu wa Kasai, kuitwa mwana na kaka wa mume wako si jambo dogo.

Mlangoni alisimama, kofia bado mkononi. "Mi siulize mu bati yenu muko nini," alisema akitazama ukuta. "Mi ni kapita, mi siwezi kuuliza. Lakini kile kitu, leo kitoke." Kumbe naye alikuwa amekwisha kujumlisha.

Nilipomaliza kutoa picha kwenye karatasi, Kabeya alinijia pamoja na Mulumba, akachagua ile ambayo watu wote ni safi kidogo, taa iko pembeni, ili atumiwe mama yake. Mulumba akaitoa mkononi mwake. Akachukua ile ya kofia. Kabeya katikati, Ntumba mkono wa kulia hana waa, na yeye Mulumba upande wa kushoto amevaa taa kama chungu cha moto. Nilimwambia naweza kuipunguza kwa penseli na wino, kazi hiyo naijua. Alikataa.

"Mama akiona taa, ataogopa," Kabeya alimwambia.

"Aogope juu yangu," alisema Mulumba. "Mi amenizoea."

Picha hiyo ndiyo iliyopanda treni. Na nakala moja nilimtolea Ntumba.

Jiwe walilitupa mbali, sijui wapi, na Ntumba alilisikitikia, kwa sababu lilikuwa zawadi. Miaka mingi baadaye mtu wa maabara alinieleza kwamba mawe mengine ya huku kwetu hutoa miali isiyoonekana, inapita ndani ya bati na karatasi, inaunguza filamu, na mwilini si nzuri. Ntumba baadaye alizaa, wasichana watatu na mvulana. Msiniulize kama ni kwa sababu lile jiwe lilitoka. Mimi ni mtu wa picha, sisemi nisichokiona. Ila ninyi wa mtaa wa Kasulo mnaochimba madini chini ya vyumba vyenu, mkiokota jiwe la kijani la kupendeza, msiliweke karibu na kitanda cha mtoto. Hilo nalisema kwa nguvu zote.

Mwaka aliofariki Kabeya nilikwenda kumpa pole mjane wake. Mulumba alikuwa ametangulia zamani. Nilimkuta Mama Ntumba kwenye kiti chake, amezeeka vizuri, na ukutani juu yake ile picha, imekuwa ya manjano, kioo kimepasuka pembeni. Kitukuu wake mmoja alikuwa amesimama mbele yake anaitazama. Akamwuliza huyu mzee mwenye kichwa kinachowaka ni nani, ni mtakatifu?

Mama Ntumba aliinua macho kwenye picha akakaa nayo muda. "Hapana, mwana," alisema. "Huyu ni yaya. Alisimama pale pangu."

Sasa nimewajibu. Binamu yenu anaishi nyumba ya tatu kutoka hapa, na simu mnazo. Nendeni mkasimame na mkewe, pale pake.